Kila sikio lipate wimbo wake: kumiksi roki nyumbani kwa ajili ya hedifoni

Mdogo wangu na shoga yake walipanda daladala ya 502 kwenda Bububu, hapa Unguja, eafoni moja wamegawana, huyu sikio la kushoto, yule la kulia. Wakisikiliza wimbo wetu wa mwanzo, nilioumiksi mwenyewe, yaani kuzipanga sauti zilizorekodiwa ziwe wimbo mmoja, wiki tatu nzima. Waliposhuka walikuwa wanabishana. Mmoja anasifu gitaa, mwengine anauliza, "Gitaa gani? Mimi nimesikia besi na mtu anaimba." Wote wawili walisema kweli. Gitaa nililisukuma lote kushoto, kwa sababu kwenye spika zangu mbili chumbani lilisikika tamu, limetanda ukuta mzima.

Mimi ni fundi simu, nina meza yangu Darajani. Kila siku naona watu wanasikilizia nini: eafoni za waya za bei ndogo, zile za bluetooth, na nyingi zimeshakufa sikio moja. Tangu siku ile namiksi kwa sharti hili: ukiziba upande wowote, upande uliobaki uwe bado ni wimbo.

Spika zinadanganya, na ni vizuri ujue zinadanganya vipi. Sauti ya spika ya kushoto haiingii sikio la kushoto peke yake. Inakizunguka kichwa ikafika na la kulia, imechelewa kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ukali wake umepunguzwa na kichwa chenyewe. Kuta za chumba nazo zinairudisha. Kwa hiyo hata ukilitupa gitaa kushoto kabisa, sikio la kulia linapata fungu lake. Hedifoni hazigawi hivyo. Cha kushoto kinabaki kushoto, na sikio la pili linakaa na njaa. Ukisikiliza nusu saa namna hiyo, kichwa kinachoka na hujui kwa nini.

Basi anza na magitaa. Gitaa la mdundo lirekodi mara mbili, upige kweli mara mbili. Usinakili treki moja, yaani rekodi ya chombo kimoja, ukaiweka kushoto na kulia, maana utapata gitaa lile lile katikati, limeongezeka sauti tu. Na ukiichelewesha moja ili zitengane, siku wimbo ukichezwa kwenye spika moja ya simu zitalana, gitaa litoke kama limo ndani ya bomba. Mimi mara ya kwanza hutumia pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, ya karibu na daraja la gitaa, mara ya pili ile ya karibu na shingo, na distoshini, ule mkwaruzo wa gitaa la roki, naipunguza kidogo. Kabla ya mara ya pili natia nyuzi sawa upya. Maikrofoni ni ile ile SM57, vidole viwili kutoka kitambaa cha spika ya amplifaya, imesogea pembeni kidogo ya kitovu chake. Ukiielekeza kwenye kitovu chenyewe utapata ukali ambao hedifoni zitakuchoma nao baadaye.

Sasa zisogeze: moja kushoto asilimia 70, moja kulia asilimia 70. Usifike 100. Ile iliyobaki ndiyo inayovuka kwenda sikio la pili. Ikiwa bado unahisi wimbo umepasuka kati, chukua gitaa la kushoto, lipeleke kwenye mwangwi mfupi usiozidi nusu sekunde, na mwangwi huo uuweke kulia. La kulia lifanyie kinyume chake. Mwangwi wenyewe usisikike kama mwangwi. Ushushe mpaka usiutambue, kisha uuzime ghafla: ukiona chumba kimetoweka, ulikuwa unafanya kazi yake. Bendi yenye gitaa moja tu iliweke karibu na katikati, asilimia 20 au 30, na mwangwi wake upande wa pili.

Baada ya hapo nazima upande wa kulia kabisa, nasikiliza wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, karatasi mkononi. Naandika kinachokosekana: "kiitikio hakina nguvu", "solo imepotea". Halafu nazima wa kushoto, naanza tena. Inachosha, lakini hapo ndipo nimejifunza kumiksi kuliko mahali pengine popote.

Besi ina hila yake. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Eafoni nyingi za bei ndogo mtetemo huo haziutoi sawasawa, na spika ya simu haiutoi kabisa. Ukikazana kuongeza sauti za chini, mwenye hedifoni kubwa atapigwa na mvumo na mwenye simu hatasikia kitu. Dawa ni kuinakili treki ya besi, hii ya pili ukaikata sauti zote zilizo chini ya hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, ukaitia distoshini, ukaichanganya kidogo chini ya ile safi. Bongo zetu zikisikia mitetemo ya juu ya noti hujijazia wenyewe ile ya chini. Besi ile safi nayo ikate chini ya hezi 30. Huko hamna muziki.

Ngoma tulizirekodi Fuoni kwenye nyumba isiyokwisha, kuta za matofali bila plasta. Ngoma ya mguu, snea (ile ngoma ya mchakacho) na sauti ya muimbaji zikae katikati, hapo sina mjadala. Zile ngoma za kuzungushia (tom) usizitupe pembe hadi pembe, kwa sababu kwenye hedifoni mpigaji atakuwa kama anakimbia ndani ya kichwa cha mtu. Na matoazi yashushe kuliko unavyodhani. Yakipita kwenye bluetooth hugeuka mchanga.

Ukali sasa. Sikio la mtu lenyewe hukuza sauti za karibu na kilohezi 3, na gitaa la distoshini limejaa hapo hapo. Fungua ekwalaiza, chombo cha kupandisha na kushusha sauti za kimo fulani tu, inua mlima mwembamba, utembeze polepole kati ya kilohezi 2 na 4 mpaka ufike pale unapotaka kuvua hedifoni. Hapo shusha desibeli mbili au tatu, basi. Kwa sauti ya muimbaji tazama herufi zetu. Kiswahili kina s, sh na z kila kona. Mstari ukiwa "sisi sote tusisahau" utasikia nyoka watano. Ziko kati ya kilohezi 5 na 8. Mimi nazishusha kwa mkono, moja moja, kwa kuchora mstari wa sauti kwenye treki. Plagini ya kuzikata ipo na ni ya haraka, lakini ikizidi muimbaji anakuwa na kithembe.

Kisha safisha. Nakaa majumba ya Michenzani, ghorofa ya tatu, nikirekodi sauti nazima feni na joto la kaskazi lote. Pamoja na hayo, wimbo wetu wa pili ulikuwa na kunguru. Kwenye spika hakuna aliyemsikia. Kwenye hedifoni alikuwa wazi, baada ya ubeti wa pili, na mwangwi wake juu. Kila treki isiyopigwa kitu ikate: pumzi ya amplifaya, kiti, ukurasa unaofunuliwa.

Sauti yote ya kufanyia kazi iwe ya chini. Mama akiita kutoka jikoni nami sikusikia, nimezidisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na masikio yakichoka utaongeza ukali ukidhani unakosekana. Mwezi wa Ramadhani hatupigi, ndiyo nafasi yangu ya kumiksi, usiku baada ya tarawehe, dakika arubaini kisha natoka barazani.

Ukitoa faili, kilele kiishie desibeli 1 chini ya sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa sauti ya faili, na usiukandamize wimbo kwa ajili ya kushindana. Spotify hushusha nyimbo zenye kelele hadi kiasi cha LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo utabaki na wimbo bapa bila faida yoyote. Wenzako uwatumie kwa WhatsApp kama dokumenti. Ukiutuma kama sauti unaweza kubanwa, mkakaa kujadili makosa ambayo si yako.

Mwisho nafungua droo ya mezani Darajani. Mna eafoni ya waya ya bei ndogo, ya bluetooth, na moja iliyokufa sikio la kulia, mteja aliiacha na mimi sikuitengeneza kwa makusudi. Nasikiliza kwa hiyo iliyokufa mwanzo, kisha naigeuza, nailazimisha sikio la pili.