Betri ya sola na baridi ya Makete: usiichaji ikiwa barafu

Julai, baba mmoja wa Matamba, Makete, aliniletea betri ya lithiamu hapa Mwanjelwa, Mbeya, imevimba kama andazi. Alikuwa ameifunga nje, kwenye boksi la mbao ukutani. "Fundi, sijaiangusha hata siku moja." Nilimwamini. Iliuliwa na asubuhi za kwao.

Upande wa hasi wa seli kuna grafaiti. Unapochaji, lithiamu hujipenyeza humo taratibu. Joto likishuka chini ya nyuzi 0, haiwahi kuingia. Inajipanga juu juu ikiwa metali tupu, na mwisho inachomoza vijisindano. Kimoja kikitoboa utando unaotenga hasi na chanya, seli imejipiga shoti yenyewe. (Vijisindano hivyo ndivyo vilivyozitesa betri za lithiamu tupu miaka ya 1980; Sony walipoanza kuuza zao mwaka 1991, upande wa hasi waliweka kaboni.)

Ubaya wa Makete ni kwamba jua likichomoza tu paneli inaanza kusukuma umeme, wakati nyasi bado zina umande ulioganda na betri imelala kwenye baridi ileile. Kwa hiyo ihamishie ndani, mbali na jiko na mbali na kitanda. Ikibidi ibaki nje, zima swichi ya paneli jioni, uiwashe pale kipimajoto cha ndani ya boksi kikivuka nyuzi 5. Kutumia taa usiku hakuna shida. Tatizo ni kuchaji. Ukinunua BMS (saketi inayolinda seli za betri), uliza kama ina kihisi kinachokata chaji kwenye baridi. Nyingi za bei rahisi hazina.

Kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli) nayo isibaki kwenye mpangilio wa betri za asidi. Pakiti ya LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti) yenye seli 4 mwisho wake ni volti 14.6, yaani 3.65 kwa seli. Ya Ah (ampea-saa) 100 mimi siipi zaidi ya ampea 20.

Wale mnaookoteza seli za laptopu: iliyoshuka chini ya volti 2 achana nayo, hata ikikubali chaji. Shaba ya ndani huwa imeanza kuyeyuka. Iliyovimba usiitoboe, iweke nje juu ya mchanga.

Yule baba alinunua nyingine. Akanitumia picha: ipo stoo, katikati ya magunia matupu ya viazi. Nikampigia hapohapo ayatoe, yasije yakashika moto.