Kuvuka kutoka Tanga hadi Pemba kwa Meli: Mwongozo kwa Msafiri Asiyetaka Kuachwa Gatini

Anayetaka kwenda Pemba kutoka Tanga kwa kawaida huanza kwa kuuliza nauli, na hapo ndipo anapokosea. Aanze kwa kuuliza siku. Meli ya Pemba haijawahi kuwa daladala ya Raskazone. Ina siku zake na saa zake, na imekwisha kuondoka na kurudi mara nyingi kiasi kwamba wazee wa Ngamiani, ukiwaambia kuna boti mpya, hukuuliza kwanza kama umeiona kwa macho yako mwenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga safari hiyo tangu ulizo la kwanza hadi kuteremka Wete au Mkoani, na kwa kuwa mtu hawezi kupanga vizuri asipojua kwa nini huduma hii hukatika, itabidi turudi nyuma kidogo kabla ya kukata tiketi.

Bandari ya Tanga haikujengwa kwa ajili ya abiria. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa mwaka 1893, ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, ili kuteremsha mazao ya Usambara. Mwaka huohuo mkonge uliletwa nchini, na kwa miongo mingi iliyofuata marobota ya singa ndiyo yaliyozivuta meli kuja Tanga. Hata hizo meli kubwa hazikufika gatini. Zilitia nanga nje, zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka gati, na mzigo ukapelekwa na kuletwa kwa matishari, yaani mashua bapa za mizigo. Abiria alikuwa nyongeza: alipata nafasi pale mzigo ulipopita njia yake, na kwa safari za Pemba alitegemea majahazi yaliyofuata pepo. Soko la mkonge lilipoporomoka baada ya miaka ya 1960, na mabasi ya Dar es Salaam yalipozidi kuwa mengi, meli zikapungukiwa na sababu ya kupita hapa. Tangu wakati huo huduma ya abiria imekuwa ya vipindi, yaani boti huja, hufanya safari kwa muda, huondoka, kukawa kimya, kisha ikaja nyingine.

Katika miaka ya karibuni njia hii imehudumiwa na meli kubwa za kupakia magari, kama zile za Azam Sealink, zinazounganisha Unguja, Pemba na Tanga. Hazina kasi ya boti za Dar es Salaam na Unguja, lakini zina tumbo kubwa, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalozifanya zidumu kuliko boti za kasi zilizozitangulia. Abiria peke yao hawatoshi kulipia mafuta ya safari hii. Machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto, mahindi, saruji na malori yanayovibeba ndivyo vinavyolipia, nasi tunaokaa juu na vikapu vyetu tunasindikiza mzigo. Msafiri akilielewa jambo hili moja, mengi yaliyobaki yanakuwa mepesi.

La kwanza ni kuihakiki siku. Nenda kwa wakala wa tiketi, au umtume mtu unayemwamini, uulize meli inaondoka siku gani wiki hii. Usitosheke na tangazo lililobandikwa ukutani mwezi uliopita, wala na neno la jirani aliyesafiri msimu wa Idi. Uliza pia meli itatia gati wapi, kwa sababu Wete iko kaskazini-magharibi mwa kisiwa na Mkoani iko kusini, na anayekupokea Chake Chake atataka kujua akusubiri upande gani. Siku za kuelekea Idi Wapemba wanaofanya kazi bara hurudi kwao kwa wingi, kwa hiyo tiketi ya siku hizo ikatwe mapema iwezekanavyo.

La pili ni saa, nami nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nilikata tiketi iliyoandikwa 10:00, nikaisoma kama alivyonifundisha mama yangu kusoma saa, nikapata chakula cha mchana bila haraka, nikafika getini saa nane na kikapu cha maembe mkononi. Kijana wa mlangoni aliitazama tiketi, akanitazama mimi, kisha akasema kwa adabu, “Shikamoo mzee wangu. Hiyo ilikuwa saa nne ya asubuhi. Wenzio sasa hivi wanakaribia Wete.” Maembe tuliyala pamoja. Tangu siku hiyo, nikipewa tiketi humwomba karani aniandikie kwa kalamu, pembeni ya tarakimu, “saa nne asubuhi”, na sijapata kukutana na karani aliyekataa. Ukiwa hapo dirishani, hakikisha vilevile kwamba jina lililoandikwa ni lako, jinsi lilivyo kwenye kitambulisho chako. Sababu yake nitaieleza baadaye kidogo.

La tatu ni bahari yenyewe. Kutoka Tanga hadi Wete ni kama kilomita 70, karibu moja kwa moja kuelekea mashariki, na katikati kuna mkondo wenye kina kinachozidi mita 700. Kwa kuwa meli inaelekea mashariki, upepo wa kusi huijia kwa upande wa kulia na upepo wa kaskazi kwa upande wa kushoto, hivyo katika misimu yote miwili meli huyumba ubavu kwa ubavu. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hushika baada ya hapo na kuwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti, na hizo ndizo siku ambazo safari huahirishwa. Bahari hutulia wakati pepo zinapopokezana, na mwenye hiari ya kuchagua tarehe angoje maleleji. Siku mbili kabla ya kuondoka, fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2 kwa kutaja mikoa inayohusika. Ikiwa Tanga na Pemba zimetajwa, usifunge mizigo kwanza, piga simu. Na meli ikiahirishwa usimlaumu nahodha, maana abiria wanaomshurutisha aondoke ndio haohao watakaoomba dua kwa sauti mkondo ukichafuka.

Kuhusu vitambulisho na mizigo sina mengi. Chukua kitambulisho cha taifa, na kwa mtoto chukua cheti cha kuzaliwa. Mzigo wa nyumbani hauna shida. Mzigo wa biashara utakaguliwa na watu wa forodha, kwa hiyo risiti zikae mahali pa kufikika haraka, si chini ya gunia. Wakati wa kurudi, usikubali kumbebea mtu mfuko wa karafuu hata akiwa shemeji yako. Huko Zanzibar ununuzi wa karafuu ni wa shirika la biashara la serikali, ZSTC, peke yake, na magendo ya zao hilo ni kosa linalofuatiliwa kwa ukali.

Siku ya safari fika muda wa saa mbili kabla ya meli kuondoka. Makuli watakuzunguka, patana bei kabla mzigo haujainuliwa, na umtambue kwa sura yule aliyeuchukua. Angalia pia maji. Katika bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Tanga huzidi mita 3, na meli inayosimama juu kwa urefu wa ghorofa nzima wakati wa maji kujaa huteremka hivyohivyo yanapokupwa, ngazi ikageuka kutoka mteremko mpole kuwa mwinuko mkali au kinyume chake. Kwa kijana si kitu. Kwa bibi mwenye magoti mabovu, aliyefunga leso na kushika ndoo ya samli, huo ndio mtihani wa safari nzima, kwa hiyo mpandishe yeye kwanza, mikono yake ikiwa mitupu, ndoo irudiwe.

Ukishapanda, kabla ya kutafuta kiti tafuta majaketi ya kujiokolea. Yaone yalipo, ulishike moja, uangalie kama kamba zake zinafungika, kisha uhesabu hatua kutoka kiti chako hadi mlangoni. Usione haya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, na tume iliyochunguza ilibaini kwamba ilikuwa na zaidi ya watu 2,000 wakati uwezo wake haukufikia hata 700. Waliokufa na waliopotea walikuwa zaidi ya 1,500. Kuhesabu waliopotea kulikuwa kazi nzito kwa sababu orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwa ndani, na hii ndiyo sababu niliyoahidi kuhusu jina: tiketi yenye jina la mtu mwingine inakufuta katika orodha hata kabla hujaondoka. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ilizama karibu na Chumbe siku ya upepo mkali, ikiwa njiani kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Upande wa bara vyombo vinasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na upande wa Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Lakini jicho la kwanza ni la abiria. Ukiona watu wamekaa kwenye ngazi na njia za kupita zimezibwa kwa magunia, teremka. Tiketi inaweza kukatwa tena.

Kiti kizuri ni cha katikati ya chombo, chini kadiri inavyoruhusiwa na karibu na hewa. Huko omo, yaani mbele, utarushwa, na tezi, yaani nyuma, utavuta moshi wa injini. Ukiwa mtu wa kuchafukwa, kula kidogo muda wa saa mbili kabla ya safari, ukae na tangawizi au ndimu mkononi, na ukishatoka ghubani weka macho kwenye upeo wa bahari badala ya simu. Nusu saa ya kwanza itakudanganya: ndani ya ghuba maji ni kama ya kwenye sinia, unapita Toteni, unapita Raskazone, unadhani uliogopeshwa bure. Ukivuka miamba ya nje ndipo mkondo unapokukaribisha. Utulivu hurudi mwishoni, kisiwa cha Fundo kinapojitokeza mbele, na watu waliokuwa wamejilaza kimya huanza kuulizana habari za nyumbani.

Sasa kuhusu siku zijazo, kwa sababu kila mwaka hutokea uvumi wa boti mpya na watu huahirisha safari wakiingoja. Tusichanganye mambo mawili. Kule Pangani, pantoni inayovusha watu na magari kati ya mji na Bweni inafikia ukomo wake, kwani daraja la mita 525 linajengwa katika barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo; ndivyo ilivyokuwa Rufiji mwaka 2003 na Busisi, katika Ziwa Victoria, mwaka 2025. Mto au ghuba ya ziwa hujengewa daraja. Mkondo wa Pemba hautajengewa, na kwa hiyo meli itabaki kuhitajika maadamu Pemba ina watu. Jambo la pili ni bandari yetu, ambayo imeongezwa kina hadi mita 13 na kujengewa gati mbili zenye jumla ya mita 450, hivi kwamba meli za mizigo sasa zinafunga gatini bila kungoja matishari. Hizo ni habari njema kwa wenye makontena. Meli ya abiria haihitaji kina hicho, na kuja kwake hakutokani nacho moja kwa moja, ingawa biashara ikikua mjini, mzigo wa kwenda Pemba nao huongezeka, na kwa mzigo huo meli hudumu.

Basi ukisikia boti mpya inakuja, pima habari hiyo kwa maswali haya. Je, itabeba mizigo na magari, au abiria tu? Ikiwa ni abiria tu, isafirie mapema, kwa maana huenda isiumalize mwaka. Je, imeshakaguliwa na kupewa cheti, au bado inazungumzwa kwenye mikutano? Je, mmiliki ametangaza ratiba ya miezi ya kusi, au ya kaskazi peke yake? Chombo kilichopangiwa kazi Julai ni chombo chenye mwenye nia. Mpaka majibu yapatikane, panga safari kwa meli iliyopo, ukijua njia mbili za akiba: ndege ndogo, ambayo ni ya haraka na ghali, au basi hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, na meli nyingine hadi Pemba, njia itakayokula siku mbili na subira yako.

Tiketi ya kurudi ulizia siku ileile unayoteremka, kabla hujatoka bandarini, kwa kuwa karani wa Wete anajua habari za meli kuliko mtu yeyote utakayemkuta Chake. Msemo wetu wa “waja leo waondoka leo” haukuihesabu meli ya Pemba. Hesabu siku tatu au nne, umwambie mwenyeji wako hivyo tangu mwanzo, na umwachie mwajiri namba ya simu ya kule, ikiwa kusi itaamua kukuongezea likizo.