Divai, Baiskeli na Longonot: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kwenda Naivasha Msimu wa Baridi

Mtu wa Kisumu akiambiwa Julai ni baridi hucheka, maana kwake Julai ni jua kama kawaida. Naivasha ni ziwa lingine. Kisumu iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, Naivasha inakaribia 1,900, na tofauti hiyo utaijua usiku wa kwanza ukilala kwenye hema. Kati ya Juni na Agosti alfajiri huuma kweli, mawingu hutanda hadi katikati ya asubuhi, halafu jua la mchana linatoka na kuchoma ngozi kwa sababu ya mwinuko huo huo. Kwa hivyo usitegemee jaketi moja zito: saa moja asubuhi halitoshi, saa sita limegeuka mzigo. Beba fulana, sweta, jaketi jepesi la kuzuia upepo, boshori ya asubuhi na kofia pana ya mchana. Mwenye pumu asiache dawa yake nyumbani, maana baridi ya alfajiri na vumbi la huko havimhurumii mtu.

Kabla hata ya kulipia chumba, piga simu kwa wenye mizabibu. Wengi hufanya kinyume: wanalipia hoteli, wanafika, kisha wanaanza kuuliza divai iko wapi. Mashamba ya zabibu Naivasha ni machache, na yanayojulikana zaidi ni ya Morendat, inakotoka divai ya Leleshwa. Hapa si kama nchi zenye majira manne, ambako mzabibu hulala wakati wa theluji na mavuno huja msimu uleule kila mwaka. Karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza mti. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na tarehe ya kupogoa ndiyo inayoamua zabibu zitaiva lini. Kwa hivyo uliza wazi: tukija wiki hiyo, kuna matunda mtini au ni matawi matupu? Mnapokea wageni siku gani? Kuna mtu wa kutuzungusha? Kufika langoni bila miadi ni kumsumbua askari bure. Ukishapata siku ya shamba, ndipo upange chumba na mengine yote kuizunguka.

Ratiba yenyewe ina kanuni moja ambayo mimi siivunji: jasho asubuhi, divai alasiri. Asiyezoea huona glasi mbili ni kitu kidogo, lakini mwili uliokwisha kukaushwa na jua na vumbi hauhesabu hivyo. Kuleni kwanza, kunyweni maji, ndipo muonje. Na mkiwekewa chombo cha kutemea, kutema si ushamba. Kazi yake ni hiyo. Dereva achaguliwe mapema naye asionje kabisa, au mkodi gari la mtu wa huko. Polisi wenye alkoblo, kile kipima pombe cha barabarani, hawatasikia kwamba ulikuwa unaonja tu.

Hell's Gate ndiyo mbuga ya kuendeshea baiskeli, nayo inafaa kupewa asubuhi nzima. Baiskeli hukodishwa karibu na njia inayoelekea lango la Elsa, na hapo ndipo pa kuwa mkaidi. Usichukue ya kwanza unayosukumiwa. Bana breki zote mbili huku ukiisukuma mbele, zungusha pedali ubadilishe gia, kaa kitini uone kama kinazama, bonyeza magurudumu kwa dole gumba. Barabara ya ndani ni ya vumbi na changarawe, na breki iliyolegea utaijutia pale mteremko unapokutana na nyati aliyesimama kando ya njia. Punda milia na twiga watakuangalia tu upite, lakini nyati mwachie nafasi, hata kama ni kusubiri robo saa.

Korongo la Ol Njorowa lina uzuri wake na hatari yake. Mwaka 2012, na tena Septemba 2019, maji ya ghafla yalipita humo na kuua wageni. Mvua si lazima ikunyeshee wewe; hunyesha juu vilimani, kisha maji yote hukusanyika kwenye ule mfereji mwembamba wa mawe. Waulize askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, asubuhi hiyo hiyo kama korongo liko wazi, chukua mwongozaji wa hapo, na ukiona wingu jeusi upande wowote, achana nalo. Picha za juu ya korongo ni nzuri vilevile.

Longonot nao ni mlima wa siku yake. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3, na kuzunguka ukingo ni kilomita 7 hivi, ukipitia kilele cha mita 2,776. Njia ni ya majivu ya volkano: ikikauka ni unga unaoingia mpaka kwenye soksi, ikilowa ni utelezi. Raba za mjini zenye soli laini ziache garini. Beba maji lita mbili au tatu kila mtu, kwa sababu huko juu hakuna kibanda. Watoto na wazee wanaweza kuishia ukingoni na wasipungukiwe na kitu, maana kreta yote inaonekana kutoka hapo.

Ziwani, panda mashua asubuhi kabla upepo haujaamka, na usiingie bila jaketi okozi. Usiku viboko hutoka majini kula nyasi za hoteli. Usitembee kutoka mezani hadi chumbani bila askari.

Viingilio vya mbuga hulipwa kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu, basi lipia mkiwa bado mna mtandao na chaji, na kila mtu mzima awe na kitambulisho ili atozwe ada ya mwananchi.

Chupa mtakazonunua zifungeni ndani ya sweta, katikati ya begi. Divai nyekundu haihitaji friji huko. Chumba cha Naivasha Julai kina ubaridi wa kuitosha. Kwa wanaorudi Kisumu, ondokeni asubuhi. Malori ya Salgaa na ukungu wa Mau Summit si vitu vya kukutana navyo jioni, na Kericho mvua hupenda kushuka alasiri.