Kupiga picha ya mwezi kwa simu na darubini ya mkono

Mimi ni fundi simu hapa Tanga. Kila mwezi ukiwa mpevu wateja huja na malalamiko yale yale: kamera imetoa duara jeupe tupu, kama taa ya barabarani. Kamera nzima kabisa. Kosa ni usiku walioutumia. Mwezi mpevu jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli vinapotea, na bila kivuli huoni mlima wala shimo.

Piga mwezi ukiwa nusu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana kazi rahisi: usiku wa tarehe 7 hadi 10 ndio wenyewe. Siku hizo, kwenye mstari unaogawa mwanga na giza, jua ndiyo kwanza linachomoza huko mwezini, na kila ukingo wa kreta, yaani shimo la mwezini, unatupa kivuli kirefu.

Darubini iliyoandikwa 10x50 inatosha. Inakuza mara 10, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Kabla ya yote futa kioo cha kamera kwa kitambaa cha miwani. Simu nyingi zinazopita mezani kwangu zina mafuta ya vidole juu ya lenzi, na mafuta hayo ndiyo yanayouvisha mwezi ukungu.

Mwezi nusu huwa karibu na utosi jua linapozama, na kulenga juu vile ni kuumiza shingo bure. Subiri saa tatu usiku, ushuke kidogo upande wa magharibi. Funga darubini kwenye stendi, au ilaze juu ya mfuko wa mchele kwenye ukuta mfupi. Lenga kwa jicho kwanza, zungusha gurudumu la katikati mpaka ukingo wa mwezi uwe mkali, ndipo ulete simu. Tumia lenzi ya 1x, si ile pana. Mwanzoni utaona giza na doa la mwanga linalokimbia huku na huku. Isogeze simu taratibu mpaka litulie. Mimi huvisha kioo cha kutazamia bomba la karatasi ya chooni, kisha naifunga simu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Unashika kuliko vishikizi vingi vya plastiki vya madukani. Na mchana usiielekeze darubini kwenye jua, hata kwa sekunde moja. Itaunguza jicho lako, na kamera pia.

Ingia kwenye kamera ya kitaalamu (Pro): ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100, na kasi iwe 1/250 ya sekunde. Mwanga ukizidi, nenda 1/500. Weka taima ya sekunde 3 ili kidole chako kisitikise kitu.

Zima pia uboreshaji wa akili mnemba. Baadhi ya simu zikitambua kwamba hicho ni mwezi, huongeza kreta zenyewe, na hapo hujapiga picha, umechorewa. Ukiishuku yako, ijaribu: chukua picha ya mwezi, ifiche maelezo yake kwa kuitia ukungu, iweke kwenye skrini ya kompyuta, zima taa, simama mbali na uipige. Ikitoka na kreta ambazo hazikuwamo kwenye skrini, umepata jibu.

Sasa kuisoma. Ramani nyingi za mwezi zimechorwa kaskazini ikiwa juu, lakini huku kwetu karibu na ikweta mwezi unaozama umelala ubavu: kaskazini yake iko mkono wa kulia, na nusu inayong'aa inatazama chini. Izungushe ramani robo duara kufuata mshale wa saa, vitu vitakaa sawa. Kutoka katikati ya mwezi shuka wima, kama sehemu mbili za tano za safari ya kuufikia ukingo. Hapo, kwenye uwanda mweusi wa Mare Tranquillitatis, ndipo Apollo 11 ilipotua Julai 20, 1969. Usitafute bendera, hakuna darubini ya mkono itakayoionyesha. Chombo cha LRO, kinachouzunguka mwezi tangu 2009, kimepiga picha za mabaki ya Apollo 11 na hata njia walizokanyaga wanaanga. Kushoto kidogo ya katikati, kwenye mstari wa kivuli, kuna Ptolemaeus, kreta yenye upana wa kilomita 150 hivi. Tarehe 9 au 10 tafuta Copernicus, kilomita 93. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Ukitaka ukali zaidi, piga video. Hewa ya juu yetu haitulii, kwa hiyo fremu moja, yaani picha moja ya ndani ya video, hutoka nzuri na inayofuata mbovu. Video ya sekunde 20 ina fremu 600 kwa kasi ya 30. Programu ya PIPP itazitayarisha, na AutoStakkert itachagua zilizo bora na kuzipanga juu ya nyingine. Zote ni za bure, za kompyuta ya Windows.

Hifadhi picha pamoja na tarehe na saa. Mwezi unayumba kidogo, ndiyo maana kwa jumla tunaona asilimia 59 ya uso wake badala ya 50. Linganisha picha za miezi miwili na upime umbali kati ya Mare Crisium, lile doa jeusi la chini kulia, na ukingo wa mwezi. Mara nyingi utakuta umebadilika.