Kupanga fungate ya Zanzibar kwa pointi za kadi: mwongozo kwa maharusi waishio Marekani

Maharusi wengi wa Kiswahili walioko Marekani hufika siku ya harusi wakiwa wameshalipia ukumbi, chakula, mapambo, nguo na mpiga picha, na fungate huahirishwa mpaka "tutakapojaliwa". Inasikitisha, kwa sababu benki humpa pointi anayelipa kwa kadi ya mkopo, na gharama hizohizo za harusi, zikilipwa kwa mpango, zinaweza kuzaa tiketi mbili za kwenda Zanzibar pamoja na siku kadhaa za hoteli. Sharti ni moja tu: kila dola inayolipwa kwa kadi ya mkopo iwe tayari imo benki kabla ya kadi kutumika.

Riba ya kadi za mkopo nchini Marekani kwa kawaida huzidi asilimia 20 kwa mwaka. Anayebakiza deni la dola 6,000 kwa riba ya asilimia 24 hutozwa takriban dola 120 kila mwezi kwa riba pekee, na haichukui muda mrefu kabla thamani ya pointi zake haijamezwa yote. Hapa ndipo desturi yetu ya michango inapokuwa na manufaa makubwa, kwa kuwa kamati ya harusi hukusanya fedha miezi mingi kabla ya bili kuja. Hata hivyo, ahadi si fedha. Lipeni kwa kadi kiasi ambacho mweka hazina amekwisha kukipokea, wala msitegemee kilichoandikwa kwenye orodha ya ahadi. Kisha lipeni deni lote la kadi mara malipo yanapoonekana kwenye akaunti, bila kusubiri mwisho wa mwezi. Kwa Waislamu lipo swali jingine, la mkataba wenyewe wenye kipengele cha riba hata kama mtu hakusudii kuilipa kamwe. Masheikh wametofautiana kuhusu jambo hilo, na ni vyema maharusi waulize na kuridhika kabla ya kujaza fomu yoyote.

Anzeni mwaka mzima au zaidi kabla ya safari. Kila mmoja aangalie kwanza alama zake za mkopo (credit score), kwa kuwa aliyeingia nchini karibuni huenda hana historia ya kutosha kupewa kadi nzuri, na katika hali hiyo ni afadhali ajenge historia kwa kadi ndogo ya dhamana, ile inayowekewa amana benki, huku mwenzake akitangulia. Zingatieni pia kwamba benki ya Chase kwa kawaida humkataa mwombaji aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24 iliyopita, na kwamba American Express kwa kawaida hutoa bonasi ya kujiunga, yaani pointi za mkupuo anazopewa mwenye kadi mpya, mara moja tu kwa kadi ya aina moja. Ndiyo maana mpangilio wa nani aombe kadi ipi na lini unastahili kuandikwa kwenye karatasi, mkiwa mmekaa pamoja.

Pointi nyingi hutokana na bonasi ya kujiunga, na manunuzi ya kila siku huchangia kidogo sana. Tuchukue mfano wa kadi inayotoa pointi 60,000 kwa atakayetumia dola 5,000 katika miezi mitatu ya kwanza. Bwana harusi aifungue wakati malipo ya ukumbi yanapokaribia, atimize kiwango hicho, halafu ampe bibi harusi kiungo cha mwaliko ili naye afungue yake wakati wa kulipia chakula na mapambo. Mara nyingi benki humwongezea pointi aliyealika. Hata bila nyongeza hiyo, wawili hao watakuwa na pointi 130,000, ikiwa kila dola ilileta pointi moja. Mwenye ukumbi akitoza asilimia 3 kwa malipo ya kadi, yaani dola 150 katika dola 5,000, gharama hiyo inavumilika wakati bonasi inatafutwa, lakini haina maana tena bonasi ikishapatikana. Na tafadhali msitumie kadi ya mkopo kutuma mahari au fedha nyingine nyumbani, kwani mara nyingi benki huhesabu hilo kuwa ni kuchukua fedha taslimu, ambako hakuna pointi, kuna ada, na riba huanza siku ileile.

Nionavyo, kadi za kuchagua ni zile ambazo pointi zake zinaweza kuhamishiwa mashirika mengi ya ndege, kama vile za Chase, American Express na Capital One. Maili, yaani pointi za shirika moja la ndege, humfunga msafiri pale ambapo hakuna nafasi, na nafasi za zawadi, yaani viti vinavyolipiwa kwa pointi, kwenda Zanzibar ni chache. Aeroplan, mpango wa pointi wa Air Canada ambao hupokea pointi za benki zote tatu, ndiyo ningeitazama kwanza: Ethiopian Airlines imo pamoja na Air Canada katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, huruka kutoka Washington hadi Addis Ababa na kuendelea Zanzibar, na Aeroplan haitozi nyongeza ya mafuta kwenye tiketi za zawadi. Zaidi ya hayo, kwa pointi 5,000 za ziada inaruhusu msafiri kukaa njiani siku kadhaa, jambo linalowafaa wenye jamaa wa kuwaona huko. Njia nyingine ni Kenya Airways, ambayo tangu Oktoba 2018 huruka moja kwa moja kutoka New York hadi Nairobi; kwa kuwa ni mwanachama wa SkyTeam, muungano mwingine wa mashirika, tafuteni nafasi zake kupitia Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, au kupitia Delta. Kiti cha Zanzibar kikikosekana, tafuteni cha Dar es Salaam, kisha mvuke kwa boti, safari ya takriban saa mbili.

Tafuteni nafasi kwanza, na pointi zihamishwe mwishoni. Pointi zikishatoka benki kwenda shirika la ndege hazirudi, na nimeona watu wakihamisha zote kwa furaha, kisha wakakaa nazo miaka kwa sababu viti viwili vya siku moja havikupatikana. Viti vingi vya zawadi hufunguliwa takriban miezi 11 kabla ya safari. Tiketi iandikwe jina lililomo kwenye pasipoti siku ya kusafiri. Bibi harusi anayekusudia kubadilisha jina ni bora asubiri mpaka mrudi.

Kuhusu malazi, pointi za Chase huhamia World of Hyatt, mpango wa pointi wa hoteli za Hyatt, moja kwa moja, pointi kwa pointi, na Park Hyatt Zanzibar ipo Shangani, Mji Mkongwe, kando ya bahari. Ningeshauri siku mbili au tatu hapo kwa pointi, na siku zilizobaki katika hoteli ya wenyeji ufukweni, ilipiwe kwa fedha. Fungate ni siku saba tangu enzi za wazee, na ratiba hiyo inazitosha. Epukeni masika ya Aprili na Mei. Mkichagua Paje au Jambiani, tazameni kalenda ya mwezi wa angani kabla ya kufunga tarehe, kwani wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana na kuogelea husubiri maji kujaa. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, haziathiriki sana.

Tengeni pia fedha taslimu, kwa kuwa pointi hazilipi kila kitu. Mwenye pasipoti ya Marekani hulipa dola 100 za viza ya Tanzania, na tangu Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 kila mtu mzima, hata kama kadi yenu ina bima yake. Lipieni kodi za tiketi kwa kadi yenye bima ya safari ili ucheleweshaji na mizigo viwe na kinga, na bebeni kadi isiyotoza ada ya miamala ya nje. Mkirudi, wekeni alama kwenye kalenda kabla ada ya mwaka wa pili haijatozwa, mpige simu benki, na muombe kadi ibadilishwe kuwa ile isiyo na ada, ili akaunti na historia yake vibaki.