Una sukari na nguvu za kiume zimepungua: anzia hapa kabla ya kidonge

Mimi ni mfamasia, duka langu liko Magomeni, Mtwara mjini. Mwanamume akija kuulizia kidonge cha nguvu, humsogeza pembeni tuongee, na la kwanza namuuliza amepima sukari lini. Wengine hukasirika: "Dada, mimi nimekuja kwa shida nyingine." Mara nyingi shida ni hiyo hiyo.

Uume husimama kwa damu. Hamu ikija, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa, kemikali iitwayo naitriki oksaidi hutolewa, misuli ya ndani hulegea, damu huingia na kubanwa humo. Sukari ikikaa juu miaka na miaka huharibu mishipa ya damu na ya fahamu pamoja. Ni uharibifu ule ule unaotia ganzi nyayoni. Homoni ya testosteroni nayo hushuka kwa wengi, hasa wenye kitambi. Kwa hiyo hujarogwa, mkeo hana mkono hapo, na supu ya pweza pale feri haifungui mshipa ulioziba. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, ndiyo maana tatizo hili huweza kutangulia ugonjwa wa moyo. Usilifiche.

Nenda ukapime: Ligula kwa wa Mtwara, Sokoine kwa wa Lindi, au Hospitali ya Kanda pale Mitengo. Omba sukari ya asubuhi kabla ya kula, na kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni 4.4 hadi 7.2 (mmol/L) asubuhi, na HbA1c chini ya asilimia 7. Pima presha na mafuta kwenye damu pia. Testosteroni hupimwa asubuhi, kwa sababu mchana hushuka yenyewe.

Msimu wa korosho ndio unaonitia hofu. Pesa zipo, uraka, ile pombe ya mabibo, upo, dawa za sukari zinasahaulika. Pombe peke yake inatosha kumlaza mwanamume. Ikikutana na sukari iliyopanda, utanunua vidonge bure. Sigara iache kabisa.

Sasa dawa. Ukienda kwa daktari, beba vidonge vyako vyote kwenye mfuko, hata vya presha. Baadhi, kama bendrofluazaidi na atenololi, huweza kupunguza nguvu, na daktari anaweza kukubadilishia. Usiziache mwenyewe; kiharusi ni kibaya kuliko aibu.

Dawa za nguvu zenyewe, sildenafili na tadalafili, hufanya ile naitriki oksaidi ifanye kazi vizuri zaidi. Haziponyi kisukari, wala hazileti hamu: ukimeza ukalala ukitazama dari, hakuna kitu. Sildenafili kwa kawaida huanzia miligramu 50, saa moja kabla ya tendo, si zaidi ya mara moja kwa siku. Mzee au mwenye ini au figo dhaifu huanzia 25. Ukishiba wali wa nazi na nyama ya mafuta, huchelewa kufanya kazi. Tadalafili haijali chakula, na huweza kusaidia hadi saa 36. Kwa mwenye sukari dawa hizi husaidia kidogo kuliko kwa wengine, kwa hiyo usikate tamaa mara ya kwanza ikishindikana. Kichwa kuuma, uso kuwaka na pua kuziba hutokea sana. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, au macho yakififia ghafla, kimbia hospitali.

Hapa nakuomba unisikilize, mjomba. Kama unatumia dawa ya moyo ya kundi la naitreti, ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana au isosobaidi, vidonge hivi usiviguse. Presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Ndiyo sababu nadai cheti cha daktari, na ndiyo sababu unga na asali za nguvu zinazouzwa stendi zinanitisha: hujui ndani kumetiwa nini.

Vidonge vikishindwa, ipo pampu ya kuvuta damu, na ipo sindano ya alprostadili inayochomwa kwenye uume wenyewe. Daktari ndiye wa kukufundisha.

Kuna la pili, la mtoto. Wapo wanaosimama vizuri lakini shahawa hazitoki, au hutoka kidogo sana. Mishipa ya fahamu ikiharibika, mlango wa kibofu haufungi sawasawa, shahawa zinarudi ndani, na mkojo baada ya tendo huwa na ukungu. Maabara wakiutazama mkojo huo kwa hadubini wataziona mbegu. Dawa iitwayo imipramini humsaidia mmoja mmoja, chini ya uangalizi. Mke asiitwe mgumba kabla mume hajapimwa.

Na kama unatafuta mtoto, sindano ya testosteroni ikatae, maana huzima utengenezaji wa mbegu kwenye korodani. Mwambie daktari mapema kuwa mnataka uzazi. Sukari ya juu huharibu mbegu zenyewe, na mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Kwa hiyo ukishaishusha sukari, rudia kipimo cha shahawa baada ya muda huo, si wiki ijayo.