Kesi ya trafiki Mombasa: namna ya kuitafuta faili na kuisoma

Nina tuktuk mbili zinazobeba abiria kati ya Kongowea na mjini. Jioni moja ya Ramadhani, dereva wangu alisimamishwa kwa ajili ya taa ya nyuma, akaambiwa ana waranti. Waranti ya nini? Ya kesi ya miaka miwili nyuma, alipobeba abiria kupita kiasi. Wakati ule alitoa dhamana, akafika kortini, akakana mashtaka. Alipotoka nje, mtu asiyemjua akamwambia, "Rudi nyumbani kijana, hiyo imekwisha." Akaamini. Siku ya kusikizwa aliitwa hakuonekana, hakimu akatoa waranti, na pesa za dhamana zikaenda.

Kumwona akifuturu ndani ya seli kwa neno la mpita njia kuliniuma sana. Naandika haya kwa kila dereva wa tuktuk, matatu na boda, na kwa mama yake.

Ujue kwanza kwamba korti si ya kaunti. Wengi huanza kuulizia kwa maafisa wa kaunti kwa sababu ndio wanaowatoza pesa za maegesho. Kesi za Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, husikizwa na mahakimu, na mahakimu wako chini ya Idara ya Mahakama ya taifa. Mjini utaenda Mahakama ya Mombasa, pale Treasury Square. Upande wa kaskazini kuna Shanzu. Aliyekamatwa nje ya mipaka yetu huenda faili yake iko Mariakani au Kwale. Usikisie, tazama karatasi uliyopewa ya kufika kortini au hati ya mashtaka.

Halafu tafuta namba. Hapa watu huchanganyikiwa, kwa kuwa namba ni tatu: namba ya OB (kitabu cha matukio) ya kituo cha polisi, namba ya kesi ya polisi, na namba ya korti. Masjala, yaani ofisi ya mafaili ya korti, inataka hiyo ya tatu, pamoja na mwaka. Ikiwa imetanguliwa na herufi E, kesi ilifunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Kama huna namba, nenda na jina kamili, siku ya kwanza ya kufika kortini, na kituo kilichokushtaki, karani akutafutie kwenye rejista. Na jina hilo lijaribu kwa tahajia zote. Sisi Waswahili majina yetu huandikwa kwa sikio: Swaleh huwa Saleh, Mohamed huwa Muhammad, Saidi hupoteza i. Faili ya dereva wangu "haikupatikana" asubuhi nzima kwa sababu ya herufi moja tu.

Kwenye intaneti utapata orodha ya kesi za siku, katika tovuti ya Kenya Law, inayochapisha sheria na hukumu, na ya Idara ya Mahakama. Orodha inakuonyesha hakimu, namba ya kesi, na kilichopangwa siku hiyo. Ukiona "Mention", kesi inatajwa tu. Ukiona "Hearing", mashahidi wanatarajiwa. Zote mbili ufike. Hukumu nyingi unazozisoma Kenya Law ni za Mahakama Kuu na zilizo juu yake, kwa hiyo usipoona kesi yako pale usidhani imefutwa. Kesi ndogo za trafiki utazipata masjala.

Ukishaipata faili, omba kuipitia. Kuna ada ndogo, nayo hulipwa kwa njia rasmi ya eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, ukiwa na bili mkononi. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi, hata akiwa amevaa tai na kubeba mafaili.

Anza na hati ya mashtaka. Kosa limetajwa kwa kifungu chake, na chini yake maelezo: siku, barabara, namba ya gari. Kifungu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 49 ni kuendesha bila uangalifu. Cha 46 ni kusababisha kifo barabarani. Makosa haya mawili yako mbali mno kwa uzito, na nimeona familia ikiambiana "ni ajali tu" bila kutazama ni kipi kimeandikwa.

Kisha soma mwenendo wa kesi, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa kila siku uliyoitwa imeandikwa. Maandishi ni ya Kiingereza na yamefupishwa. "PNG" maana yake umekana mashtaka. "W/A" ni waranti ya kukamatwa. Ukiiona, usiendelee kusoma kabla hujajua kama imeondolewa. "Fine 10,000 i/d 1 month" ni faini ya shilingi 10,000, na usipolipa, kifungo cha mwezi mmoja. "R/A 14 days" ni siku 14 za kukata rufaa. Aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga hatia yenyewe. Anaweza kupinga adhabu tu.

Mwisho wa kesi ndio unaodanganya watu. Vifungu vya Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai huandikwa kwa tarakimu tu. Ukiona 202, mlalamishi hakufika na umeachiliwa huru. Ukiona 210, ushahidi haukutosha hata wewe kujitetea, nawe uko huru. 215 ni hukumu yenyewe, ya hatia au ya kutokuwa na hatia, basi soma maneno yanayofuata. Lakini ukiona 87(a), mashtaka yameondolewa na unaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Ukitoka na hiyo, weka karatasi zako vizuri.

Nakala ya mwenendo ni haki ya mshtakiwa baada ya kesi kumalizika, kwa ada ya kadiri. Kifungu cha 50(5) cha Katiba ya 2010 kinasema hivyo. Andika barua kwa afisa mtendaji wa korti, taja namba na majina, omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri.

Ikiwa wewe ndiye uliyegongwa, nawe omba nakala. Dereva akipatikana na hatia, na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo ni ushahidi mzito katika madai ya fidia. Ila usiingoje faili ya trafiki ukasahau kalenda: muda wa kudai fidia ya majeraha ni miaka 3.

Kuhusu waranti ya dereva wangu, tulikwenda masjala, tukaomba faili ipelekwe mbele ya hakimu, na dereva akaeleza mwenyewe kilichotokea. Hakimu aliiondoa na kupanga tarehe mpya. Tukaomba nakala ya amri hiyo siku ileile, tukaipeleka kituo kilichokuwa na waranti, na nakala nyingine imo ndani ya plastiki, chini ya kiti cha tuktuk.